Mpungate Nilioupanda kwa Masanja

Nilipomfungua mdomo yule maksai nilirudi nyuma hatua tatu, mimi niliyefungua midomo ya ng'ombe kwa miaka thelathini na zaidi. Ulimi ulikuwa umeota manyoya. Ndivyo nilivyodhani kwanza, manyoya ya rangi ya dhahabu, nikajiuliza ni ugonjwa gani huu ambao chuoni hawakutufundisha. Nikapitisha kidole. Mama yangu! Ilikuwa miiba, myembamba kuliko kope za macho, imesimama kwenye ulimi, kwenye fizi, mpaka kooni. Mate yalikuwa yanamchuruzika na machozi yanamtoka jicho moja tu, kwa sababu lile jingine lilishapasuka.

"Anakula mipungate," akasema Masanja, mwenye ng'ombe. "Majani yamekwisha, na njia ya mtoni imeziba. Atakula nini sasa?"

Nawaandikia ninyi wanangu mnaotoka vyuoni kwenda kuwa mabwana na mabibi mifugo, na hizo simu zenu zinazojua kila kitu. Mimi nimestaafu, nakaa Ipogolo kwetu, nafuga kuku wanaonidharau. Dawa na chanjo mtazisoma wenyewe. Nataka niwaambie jambo lililonishtua kazini kuliko yote, ambalo nikilikumbuka mpaka leo nashika kichwa.

Masanja na mkewe Kabula ni Wasukuma. Waliteremka na ng'ombe wao mpaka bonde la Usangu wakiwa bado vijana. Siku ile ya maksai, Masanja alinieleza hali yake bila kuzunguka. Kati ya zizi lake na mto palikuwa na msitu wa mipungate, au dungusi kakati kama wengine wanavyoiita, ile mimea ya jangwani yenye mabapa ya kijani na miiba. Njia ya ng'ombe imebaki moja, na kila mwaka inabana. Kama haifunguki kabla kiangazi hakijakolea, yeye atahama na mifugo yote kwenda kusini.

Kabula akadakia pale pale, "Mimi sihami. Nimehama mara mbili, mayu. Hapa nimemzika mama yangu. Nikienda, nani atafagia kaburi?"

Mayu kwao ni mama. Ndivyo walivyoniita tangu nikiwa msichana mbichi, hata mkate sijui kuumua.

Nikautazama ule msitu. Ulikuwa mkubwa kupita viwanja viwili vya mpira, mimea mingine inanizidi kimo, na matunda mekundu yamejaa juu yake utadhani kuna sherehe. Ile mipungate niliileta mimi, wanangu. Mikono hii hii. Nikafyata ulimi, nikaomba maji ya kunawa, nikasema nitatafuta wataalamu, nikaondoka mbio.

Ilikuwa hivi. Nilipoanza kazi Usangu, fisi walikuwa wanaingia zizini kwa Masanja kila mara, na yeye kila mwaka alikuwa anakata matawi ya migunga kuzungushia. Mimi nilikuwa na kiherehere cha mtu aliyeajiriwa juzi. Nikakumbuka ua wa shangazi yangu hapa Ipogolo: mipungate mitupu, mbuzi hawaingii, na hakuna anayeimwagilia maji. Nikakata mabapa, nikajaza kiroba, nikapanda basi. Konda akakibeba kile kiroba begani kabla sijamwahi. Mpaka tunafika Makambako alikuwa bado anajikuna shingo na kuniuliza kama nimebeba uchawi.

Nami nilicheka, mjinga mimi. Sikujua kwamba miiba mikubwa ya mpungate ni salamu tu. Shari iko kwenye vile vishungi vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyo chini yake. Hivyo vina ndoano, vinang'oka ukivigusa tu, na jicho halivioni. Vikikuingia mkononi, usinyonye kidole, maana utavihamishia kwenye ulimi. Usijikune pia. Yeyusha nta ya mshumaa, iache ipoe kidogo, ipake, ikishaganda ibandue kwa mara moja. Mtanishukuru. Ila kwa ulimi wa ng'ombe hakuna nta. Utamfunga, utang'oa mikubwa kwa koleo moja moja, utamsafisha kwa maji ya chumvi, utampa majani laini, na iliyobaki utamwachia Mungu.

Mkubwa wangu wa kazi wakati ule alikuwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akipigwa teke na fahali. Alikifungua kile kiroba, akatazama, akaniuliza, "Binti, hiki kitu, huko kwao kinaliwa na nani?"

Nikamwambia hakiliwi na chochote, na huo ndio uzuri wake.

"Ndaga," akasema, ndiyo asante yao, lakini alivyoisema haikuwa asante. "Basi kakae nacho chumbani kwako."

Nikadhani ni wivu wa wazee. Kesho yake nikaenda kupanda. Masanja mwenyewe alisita kidogo. Kwao huzungushia maboma kwa minyaa, na alitaka kujua hii ina undugu gani na mnyaa. Nikamwambia ni ndugu mmoja. Uongo mtupu! Ukitaka kuitofautisha, kata. Mnyaa hutoa maziwa meupe, yakikuingia jichoni utalia siku nzima. Mpungate hautoi maziwa, hutoa ute kama wa bamia. Mnyaa ni wa kwetu, wadudu na wanyama wa hapa wanaufahamu. Mpungate umetoka ng'ambo ya bahari, majangwa ya upande wa Meksiko huko, ukaletwa na watu wenye kiherehere kama changu.

Nilikuja kuusoma baadaye, baada ya kuharibu. Kila nilichosoma kilinishtua. Yale mabapa tunayoyaita majani si majani, ni shina. Majani ndiyo ile miiba! Mizizi haiendi chini, inatambaa juu juu na kwenda mbali, hivyo hata manyunyu yasiyolowesha kanga yanautosha. Halafu mchana, wakati mimea mingine yote inapumua na kupoteza maji, wenyewe unaziba vitundu vyake, unangoja jua lizame ndipo uvute pumzi. Nilipofika hapo niliinuka kitini. Nilikuwa nimepeleka jangwa kwenye bonde la watu.

Na mngeona kilichonipata nyumbani. Mume wangu wakati huo alikuwa na kibarua Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, tukionana mwisho wa mwezi. Aliniletea karatasi chakavu za kufungia vitu. Nikachukua bapa moja, nikalibana katikati ya karatasi, nikaweka chini ya sanduku la nguo likauke, niwe nalionyesha wafugaji. Nikalisahau. Baada ya miezi kadhaa nainua sanduku, karatasi zimetoboka. Lile bapa limezaa mtoto, mizizi myeupe imetambaa inatafuta pa kushika. Bila udongo, bila tone la maji, bila mwanga! Nilipiga kelele mpaka mume wangu akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Alipoona akasema, "Kitoe nje kabla hakijaomba chai."

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia niliporudi Usangu siku chache baada ya yule maksai, nikawauliza majirani wa Masanja, hao wanaokaa chini kuelekea mto, wamefanya nini na mipungate iliyowafikia. Nyani na ndege wamekula matunda kwa Masanja, wamekunya mbegu huko chini, mimea ikaota. Majirani wakaona dawa ni panga. Wakaikatakata vipande vipande, wakavitupa korongoni, wakarudi nyumbani wamefurahi. Mvua ikaja, korongo likafurika, kila kipande kikashuka na maji na kuotea kilipokwama. Ndivyo njia ya mtoni ilivyoziba. Mpungate haukatwi na kuachwa, wanangu. Shika kwa koleo refu au uma wa majani, ng'oa na mzizi, kusanya hata kipande cha ukubwa wa kiganja, fukia kwenye shimo refu au anika juu ya mawe mpaka kikauke kabisa ndipo uchome.

Jambo moja lilinishangaza siku hiyo, nami sikulifuatilia. Kwa majirani wote kulikuwa na alama za panga. Kwa Masanja, kwenye ile mipungate ya kwanza niliyoipanda mwenyewe, hapakuwa na kovu hata moja. Imekua, imetanuka, hakuna aliyeigusa.

Wakati huo nilikuwa ofisini Mbeya, nikikaa Iyunga, nahesabu miezi ya kustaafu. Nikawatafuta watafiti wanaoshughulika na mimea vamizi. Wakanijibu kwamba huko kwao mpungate unaye anayeula. Ni mdudu mdogo, jike halina mabawa, linajibandika kwenye bapa na kunyonya ute mpaka mmea unalegea na kuanguka. Nikamkumbuka Mzee Ambakisye. Alishafariki, sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba swali lake limepata jibu.

Watafiti walikuwa na kibali, wakaja na maboksi ya mabapa yenye wadudu. Kwa macho huoni mdudu, unaona vipande vya pamba nyeupe vimeganda. Kwenye mkutano kwa Masanja nikabinya kimoja kwa kidole gumba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa, na bado moyo ukaruka. Kidole kilikuwa chekundu mpaka kwenye kifundo. Mzee mmoja akasimama.

"Mayu! Hiyo damu ya nani?"

"Si damu, baba. Ni rangi ya mdudu. Huko kwao zamani walitilia nguo rangi hii."

"Akimaliza mipungate atakula nini? Mpunga? Sisi?"

Nikawaeleza kwamba huyu hali kitu kingine, si mpunga, si mahindi, wala ng'ombe hamtambui. Wakaulizana kwa Kisukuma muda mrefu, wakakubali. Tukayafunga yale mabapa chini kwenye mashina, upande wa kivuli, kiangazi kikiwa kinaanza, maana mvua kubwa huwaosha. Masanja akaniambia atangoja. Nikarudi Iyunga nimefura kichwa, nikijiona nimetubu bila kusema neno.

Nilirudi baada ya wiki sita. Nikatazama shina la kwanza. Hakuna pamba. La pili, hakuna. Mipungate imenawiri, inang'aa, ina mabapa mapya. Nilizunguka yote huku nimeshika kiuno, siamini. Watafiti wakadhani labda wameleta aina isiyoelewana na mpungate wetu, maana wadudu hao nao wana kuchagua.

Ndipo Kabula akaja, amejitanda kanga, uso umejaa furaha. Mgongoni alikuwa na bomba la kunyunyizia.

"Mwangaluka, mayu! Umeona nilivyokutunzia? Miti yako ilipata kupe weupe. Wabaya gete, kabisa! Nimebinya mmoja, damu tele. Nikasema hawa watahamia kwa ng'ombe. Nimeiogesha yote, mara tatu."

"Umeiogesha na nini, Kabula?"

"Si ile dawa ya ng'ombe? Ile ya kuogeshea."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, na sketi yangu ya ofisi. Bibi huyu alikuwa ameogesha msitu wa mipungate dawa ya kupe. Amebeba maji kutoka mtoni, kwenye njia ile ile iliyobanwa, ndoo kwa ndoo, akachanganya dawa, akanyunyizia shina moja moja. Ameua wadudu wote kwa mikono yake.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe. Siku zote ulitufundisha, ukiona mdudu usingoje, ogesha."

Kweli kabisa. Nilikuwa nimeuhubiri wimbo huo tangu ujana. Na mkutano wa kueleza wadudu weupe tuliufanya asubuhi, na wanaume, wakati wanawake wanakamua. Kabula anayeishi hatua kumi kutoka kwenye mpungate hakuna aliyemwambia. Kosa hilo msirudie. Mwenye zizi atakujibu, lakini anayekamua ndiye anayeona.

Ila kilichonichoma si dawa. Ni lile neno, miti yako. Nikamuuliza, "Kabula, mbona hii ya zizini hamkuing'oa ilipokuwa michache?"

"Ulitukataza."

"Mimi?"

"Ulisema ni ya majaribio ya serikali. Asiikate mtu mpaka urudi kuipima." Alisema taratibu, kama anayemkumbusha mtoto. "Masanja alitaka kuikata mwaka ule ndama wa kwanza alipopofuka. Nikamzuia. Mwaka uliofuata akataka tena, tukagombana, akanitolea maneno mbele ya watoto. Nikamwambia, yule ni mtu wa kazi, akisema atarudi atarudi."

Sikurudi, wanangu, mpaka nilipoitwa kumtazama yule maksai. Mwaka ule ule niliopanda nilihamishiwa Mbeya, na kwenye taarifa nikaandika kwamba ua umestawi vizuri, wafugaji wanaufurahia. Niliiandika nikiwa mezani, sijakwenda kuona. Nikasahau kabisa kwamba niliwaambia neno hilo. Wao walilishika. Ng'ombe wamepofuka, njia imeziba, mke na mume wamegombana miaka yote, kwa heshima ya neno ambalo mimi nililitupa kama ganda la ndizi. Nililia mbele ya Kabula, na sikuona aibu.

Nikamwomba Masanja aite mkutano mwingine, jioni, wanawake wawepo. Nikasimama nikasema yote. Kwamba mipungate niliileta mimi, kwamba si ndugu wa mnyaa, kwamba niliagiza isikatwe na sikurudi, kwamba taarifa niliyoandika ilikuwa ya uongo. Kwamba Kabula hana kosa hata moja. Wale watafiti wakawa wanatazama viatu vyao.

Masanja aliinuka, akachukua fimbo yake. Halafu akasema, "Mke wangu nimemwita mjinga miaka mingi kwa ajili yako."

"Ndiyo, baba."

"Wabeja, asante kwa kusema." Akaondoka, akaenda kwa ng'ombe wake.

Tukaanza upya. Safari hii nilikaa kule wiki nzima, nikalala kwa Kabula, nikang'oa mipungate nao kwa koleo, nimefunga magunia miguuni kama kituko. Tukapanua njia kiasi ng'ombe wapite kwa mstari. Wadudu wengine wakaletwa, Kabula akawafunga mwenyewe kwenye mashina, na bomba akalifungia ndani. Lakini yule mdudu hana haraka. Huchukua misimu kadhaa kuangusha msitu. Kiangazi hakina subira hiyo. Masanja alisema ataangalia. Siku zangu za kazi zikaisha, wakaniaga kwa soda na mbuzi, nikarudi Ipogolo.

Niliendelea kupiga simu, ila huko mtandao ni wa kubahatisha, na Kabula simu yake hushinda imezima. Nikawa najipa moyo kwamba mambo yanakwenda. Kama mna mahali mlipanda kitu kwa mtu, nendeni mkakitazame kwa macho, mwaka huu, msingoje nauli ya ofisi.

Wiki iliyopita akanipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa safi kama yuko jikoni kwangu.

"Mayu, imelala! Yote imelala chini, imeoza. Wale weupe wamekula mpaka korongoni. Ukisimama zizini unaona mto."

Nikapiga kigelegele, kuku wakatawanyika. Nikamwambia aseme tena, akasema tena. Nikamuuliza maksai na ndama wanapitaje sasa, wanakunywa mara ngapi kwa siku.



"Ng'ombe gani, mayu?" akasema. "Masanja aliondoka nao kile kiangazi ulichotuaga. Mimi nimebaki na kaburi."